Uliza Fundi: Chuma Kimekataa Kutoboka, na Maswali Mengine ya Mipini ya Visu

Hamjambo nyote. Tangu tuongelee hapa vile springi ya gari inaweza kugeuzwa kisu, barua zimekuja nyingi na ni kama watu walikaa kikao wakakubaliana waulize kitu kimoja, mpini. Bapa watu wanaunda vizuri kabisa, makali yananyoa nywele za mkono, halafu ukifika pale pa kushika unakuta pini, vile vijiti vya chuma vinavyopita mpini, zimekaa upande, kibao cha mti cha pembeni kimeinuka, gundi imemwagika kila mahali. Nimechagua zile barua ambazo majibu yake yatasaidia wengi, na kama swali lako limeulizwa na mwingine nimeliunganisha hapo hapo, usinune.

Fundi, mimi ni kijana niko Kariobangi Light Industries, kazi yangu ni weldi lakini jioni nikifunga natengeneza visu. Nilichukua springi ya Canter nikaikata na grainda, nikaipa shepu, nikaichoma ikawa nyekundu nikaizamisha kwa oili, nikaipasha tena kwa ovena ya dada yangu na iko ngumu poa, hata tupa inateleza. Sasa nataka kuweka vibao viwili vya mti na pini ndio nikagundua sijatoboa mashimo. Biti ya kwanza imekua bluu, ya pili imekatika mdomo, hii ingine inalia tu haingii. Kuna njia ama nianze upya?

Usianze upya bana, kisu kiko sawa, na hata hiyo shida yako ni dalili nzuri, inamaanisha chuma kilishika ugumu vile inatakikana. Springi ikitoka kiwandani ugumu wake ni kama 45 hivi kwa kipimo cha Rockwell C, na biti nzuri ya chuma inaitoboa kwa taabu lakini inatoboa. Wewe umeichoma, umeizima kwa oili, umeipasha kwa ovena, sasa pengine uko karibu 58. Biti yenyewe ya hadiwea, ile ya ukweli sio ile ya kuuziwa kwa karatasi barabarani, iko 63 ama 64. Tofauti imekua ndogo sana, kwa hivyo mdomo wa biti hauli chuma, unasugua tu, kusugua kunaleta joto, joto linaua mdomo, na ukizidi kusukuma ndio hapo inalia. Ukisikia biti inalia na hakuna vumbi la chuma linatoka, toa mkono saa hiyo hiyo, kila sekunde unayoongeza unajiharibia.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulainisha mkia peke yake, huo upande wa chuma utakaofunikwa na mpini, makali uyaache vile yalivyo. Mkia hauhitaji ugumu wa kukata, ukiwa laini kidogo ni afadhali hata kisu kikianguka hakikatiki hapo. Weka maji kwa ndoo ama mkebe, simamisha kisu bapa lote likiwa ndani ya maji, mkia uko juu, halafu chukua moto wa gesi, wewe ni mtu wa weldi moto unao, upashe mkia polepole pale mashimo yatakuwa. Unatafuta wekundu hafifu sana, ule unaonekana ukiwa kivulini tu, kama 650 hivi za sentigredi, kisha uache upoe wenyewe, urudie tena mara moja ama mbili. Usipitishe ukawa mwekundu wa kung'aa. Ukipita pale sumaku inapoacha kushika chuma, yaani karibu 770, umefika eneo lingine kabisa na hiyo springi ikiwa nyembamba inaweza kujigandisha ugumu tena ikipoa hewani, utarudi kwa biti ulie upya. Na angalia bapa kwa makini, rangi ikianza kutembea kutoka mkiani kuelekea kwa maji, simamisha moto. Ule unjano mwepesi ni karibu digrii 200 na kidogo, huo hauna shida, bluu ni karibu 300 na bluu ikifika kwa makali hayo makali yamelegea, hapo ni kweli utaanza upya.

Ya pili ni biti ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma chako. Ukikosa ile ambayo yote ni kabaidi, biti ya kutoboa ukuta ina kipande cha kabaidi pale mdomoni, na mafundi wengi wanaitumia kwa chuma kigumu. Lakini inavyouzwa mdomo wake ni butu, umetengenezwa kugonga simiti, kwa hivyo lazima unolewe ukae mkali kama wa biti ya chuma, na jiwe la kawaida la kijivu halitaweza, tafuta lile la kijani ama la almasi. Funga kisu kabisa kwa vaisi ama kwa klempu mbili, kwa sababu kabaidi haipendi kutikiswa, ikiyumba inapasuka. Sukuma kwa nguvu isiyobadilika, na ukikaribia kutokea upande wa pili punguza, hapo ndipo biti hukwama ghafla na kuzungusha kisu chote. Kisu kinachozunguka kwa drili sina haja ya kukueleza kinafanya nini vidoleni. Funga bapa kwa maskingi tepu raundi kadhaa kabla hujafanya chochote, na glavu vua, glavu ikishikwa na biti inavuta mkono wote.

Mimi ningekua ni wewe ningeenda na moto. Una gesi tayari, na mkia laini utakusaidia hata baadaye ukitaka kuongeza shimo.

Kisu kijacho sasa, mashimo kwanza moto baadaye. Springi yenyewe ilainishe kabla ya kuianza, ipashe mpaka sumaku iache kushika, uizike kwa majivu makavu ipoe usiku kucha, asubuhi itatoboka kwa biti ya kawaida, mwendo wa pole na tone la oili. Kwa biti ya milimita 5 usipite mizunguko 900 hivi kwa dakika. Piga panchi kwanza biti isitembee, anza na biti nyembamba ya milimita 2 na nusu kisha ndio upanue. Na ukimaliza kutoboa chukua biti kubwa zaidi uzungushe kwa mkono pande zote mbili kuondoa kile kingo kikali cha shimo, kwa sababu chuma kikizimwa kwa oili nyufa hupenda kuanzia pale kuna kona kali.

Habari Fundi, niko Umoja. Mimi mashimo ya chuma nilitoboa mapema kama ulivyosema kwa toleo lingine, shida yangu ni vibao. Natoboa cha kulia, natoboa cha kushoto, nikija kupitisha pini inaingia upande mmoja upande wa pili haitokei. Ama inatokea lakini nikikaza kibao kinaachana na chuma kama mdomo wa ndege. Sina drili ya kusimama, natumia ile ya mkono ya umeme. Nimeambiwa nipige kwa nyundo itaingia tu.

Aliyekuambia upige nyundo si rafiki. Ukilazimisha pini kwa shimo lisilo lake kibao kitapasuka, kama si leo ni siku ile jua litakikausha.

Hili ndilo swali kubwa la barua zote kwa hivyo nitakaa hapa kidogo. Watu wanafikiri pini ndiyo inabana mpini. Pini haibani, pini inazuia vibao kuteleza na inashikilia siku gundi ikichoka. Kinachobana ni ule uso wa ndani wa kibao kukutana na uso wa chuma bila nafasi, na gundi nyembamba katikati. Nyuso zisipokutana hakuna gundi ya duka lolote hapa Nairobi itakuokoa, na hakuna pini. Kwa hivyo kabla hujashika drili, chukua kipande cha kioo, kibandike msasa namba 120, sugua kibao juu yake kwa mwendo wa duara mpaka uso wote uwe na mikwaruzo sawa. Chuma pia hivyo hivyo. Halafu bana kibao na chuma kwa vidole tu uinue kwa dirisha, ukiona mwanga unapita hata kama uzi, rudi kwa msasa. Hapa ndipo wengi wanachoka. Kibao kiwe na unene wa milimita 8 mpaka 10 kabla ya kuchonga, ukianza na kibao chembamba utamaliza na mpini wa kijiko.

Kutoboa sasa. Usipime kibao kwa rula uweke alama, rula itakudanganya. Chuma chenyewe ndicho kipimo. Bana kibao cha kulia kwa chuma na klempu mbili, chini yake uweke kipande cha mbao taka, drili ipitie kwa shimo la chuma iingie kwa mti itokee kwa ile mbao taka, ndio mti usirarue upande wa nje. Toboa shimo moja tu. Pitisha pini kwa hilo shimo, iache hapo, ndio utoboe la pili. Bila hiyo pini klempu itasogea unywele mmoja na huo unywele ndio unakutesa. Ukimaliza toa kibao cha kulia kabisa, weka cha kushoto upande wake, urudie vile vile ukianza tena kwa chuma. Usitoboe cha kushoto kwa kupitia shimo la cha kulia, kosa la kwanza litaongezeka kwa la pili.

Drili ya mkono inaleta shida ya kuinama. Kuna ujanja wa kioo, weka kioo kidogo kando ya mahali unatoboa, ama CD ya zamani, angalia biti na kivuli chake ndani ya kioo, zikiwa mstari mmoja drili imesimama wima, zikikunjika umeinama. Ujanja bora zaidi ni kwenda kwa fundi mwenye drili ya kusimama, Kariobangi ama Gikomba hawakosekani, akutobolee kipande cha chuma nene shimo moja tu lililonyooka la saizi ya pini yako. Hicho kipande unakiweka juu ya kila kazi kama kielekezi, biti inapita ndani yake na haiwezi kuinama. Utakitumia miaka.

Kuna siri nyingine ambayo wengine wanaiona ni uvivu lakini mimi naitetea: ukishatoboa vibao vyote viwili na chuma bado kiko laini, panua mashimo ya chuma nusu milimita ama hata milimita nzima, ndio upeleke kisu kwa moto. Pini ikiwa milimita 5, shimo la mti liwe 5 na kidogo sana, la chuma 5.5 ama 6. Hapo pini haipigani na chuma tena, inaelea, gundi inajaza pembeni, na hata chuma kikijikunja kidogo kwa oili bado kila kitu kinaingia bila kelele. Mashimo ya mti ndiyo yanaonekana, hayo ndiyo yawe ya kubana.

Kwa hicho kisu ulichonacho ambacho tayari kimekua kigumu, chukua biti iliyozidi kwa milimita moja, ingia kutoka upande wa ndani wa kibao, usitokee nje, ishia nusu ya unene. Nje shimo linabaki zuri, ndani pini inapata mahali pa kupumua na gundi itajaza.

Kitu kimoja karibu nisahau. Ile sehemu ya mbele ya vibao, pale panapotazamana na bapa, ichonge na kuing'arisha vibao vyote viwili vikiwa pamoja kwenye pini kabla hujatia gundi. Ukishabandika huwezi kupasugua tena bila kukwaruza bapa, na huko mbele ndiko mtu anaangalia kwanza.

Fundi pole kwa usumbufu, mimi ni mama wa kibanda cha chakula Kawangware. Nilinunua kisu cha jua kali kinakata nyama vizuri sana kinashinda vile vya supamaketi, lakini mpini umelegea, ukifinya maji meusi yanatoka. Kijana wangu anataka kumwagia supagluu hapo kwa ufa. Ni sawa?

Mama shikamoo, na kijana wako mwambie apumzike kwanza. Hayo maji meusi ni kutu na mabaki ya nyama yaliyokaa kati ya mti na chuma, ukimwaga supagluu juu unafungia uchafu ndani, na hicho ni kisu cha chakula cha watu. Halafu supagluu ni ngumu kama kioo, haipendi kugongwa wala kukaa majini, itaachia tena.

Vibao vitoke. Fundi atoboe kichwa cha pini kwa biti inayolingana nayo, aisukume itoke, kisha kama kuna gundi ya zamani inayoshikilia apashe mpini kwa maji yanayochemka, gundi nyingi za epoksi, zile za sehemu mbili unazochanganya, zinalegea joto likipita 80 hivi, na maji ya kuchemka hayawezi kuharibu ugumu wa bapa. Asitumie moto wa moja kwa moja. Chuma kisuguliwe kutu yote iishe, msasa namba 60 ama 80 uache mikwaruzo, gundi inapenda mikwaruzo, kisha kipanguswe kwa asetoni na kisiguswe tena na kidole. Kidole kina mafuta mama, hata kama umenawa. Ndio vibao vipya vibandikwe kwa epoksi ya polepole ile ya siku nzima, sio ya dakika tano.

Kuna mtu ataniuliza dakika tano ina shida gani. Haina shida kwa kikombe kilichovunjika, lakini kwa kisu cha kuoshwa kila siku inavumilia maji na joto vibaya kuliko ile ya polepole, na isitoshe inakufanya ukimbizane na vibao, pini na klempu kwa pamoja kabla haijaganda.

Kisu chako kikirudi usikiloweke kwa karai na sahani. Kioshe, kipanguse, kiweke.

Nilipiga vichwa vya pini ndio vifunge kama riveti, pini ya brasi, mti ni mpingo, ukapasuka tii kutoka kwa shimo hadi mwisho. Uchungu! Pini si lazima zipigwe?

Pole sana, mpingo ukipasuka mtu anaweza lia. Jibu fupi ni kwamba si lazima. Epoksi nzuri na pini iliyokwaruzwa kwa msasa inatosha kwa kisu cha jikoni. Kupiga vichwa ni bima, na ni kazi ya nyundo ndogo ile yenye kichwa cha mviringo, kugonga kidogo kidogo ukizunguka, sio kupiga kama msumari. Mti mgumu na mkavu kama mpingo haunyumbuki, pini ikivimba ndani ya shimo la kubana nguvu yote inaenda kwa nyuzi za mti. Kama lazima upige, panua mdomo wa shimo upande wa nje kidogo sana kwa biti kubwa, kina cha nusu milimita ama milimita, acha pini ichungulie milimita moja na nusu juu ya mti, uiruhusu kuvimba hapo juu tu. Na shimo lisikae chini ya sentimita moja kutoka mwisho wa kibao.

Mpingo una tabia nyingine, una mafuta yake ya asili ambayo yanafukuza gundi. Pangusa uso wa ndani kwa asetoni mpaka kitambaa kiache kutoka na weusi, halafu bandika saa hiyo hiyo, ukiuacha mpaka kesho mafuta yatakuwa yamerudi juu. Vumbi lake pia linawasha pua na ngozi, vaa maski. Hiyo si ushauri wa mama wa kukukataza kucheza mvua, kuna watu linawafanya wafure macho.

Ni Julai, niko Limuru huku karibu na Nairobi, gundi yangu ina siku mbili na bado inanata. Niliuziwa feki?

Pengine, lakini mimi ningelaumu baridi kwanza. Epoksi haikauki kama rangi, inajipika yenyewe, na baridi inaipunguza mwendo, kila digrii 10 zikishuka muda unakaribia kuongezeka mara mbili. Gundi iliyoandikwa masaa 24 inaongea habari ya joto la 20 na kitu, wewe usiku wa Limuru uko 10 ama chini. Weka kisu ndani ya boksi la katoni na balbu ya zamani ile ya kutoa joto, ikae vuguvugu tu. Ikibaki inanata hata baada ya hapo basi vipimo vilikosea, sehemu moja ilizidi nyingine ama haikukorogwa mpaka kona za kikombe, na hiyo haitakauka hata ukingoja Krismasi. Itoe, safisha, rudia. Usiongeze juu ile sehemu ya kugandisha ukidhani itasaidia.

Na klempu zako ziangalie. Nimeona mtu anakaza mpaka mkono unatetemeka, gundi yote inatoka nje, ndani mti na chuma vinabaki vikavu. Kaza mpaka vibao visimame na gundi ichungulie pembeni, basi. Toboa pia mashimo mawili matatu ya ziada kwa mkia, yasiyo ya pini, gundi ikipita hapo inashikana na gundi ya upande wa pili.

Mti gani ni mzuri kwa mpini na unapatikana wapi hapa town? Na je mfupa? Na kuna jamaa ananiuzia jino la ngiri, naeza tumia?

Tuanze na la mwisho kwa sababu ni jepesi, jino la ngiri rudisha. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu sehemu yoyote ya mnyama wa porini kuwa nyara, na kukaa nayo bila kibali ni kosa. Usimalizie kisu chako kituo cha polisi.

Mti, mimi ni mtu wa mzeituni wa porini, ule Wakikuyu wanauita mutamaiyu. Ni mgumu, mzito, una michoro ya kahawia inayokaa kama moshi na haukatai gundi sana. Nenda kwa wachonga vinyago uulize vipande vya kutupa, mpini hauhitaji zaidi ya kipande cha sentimita 12 kwa 4, na wao wanachoma hivyo vipande vya mzeituni na mpingo jikoni. Muhugu pia wanao. Mvule unapatikana kwa wauza mbao lakini ni laini kidogo na una vinyweleo vikubwa, vumbi la brasi litaingia humo ukipiga msasa na kuacha madoa meusi, kwa hivyo pakaa mti kwanza gundi nyembamba ama usugue pini kwa mkono polepole.

Chochote utakachochagua kiwe kikavu. Mbao nyingi za kuuzwa barabarani zimekatwa juzi, ukitengeneza mpini nazo mwezi wa nne mvua ikinyesha, kufika Januari mti utakuwa umejikunja ndani na chuma kinachungulia pande zote kikikukwaruza kiganja. Kata vibao vikiwa vinene, viweke juu ya kabati miezi kadhaa, uvipime kwa mizani ya jikoni mara kwa mara, siku uzito utaacha kushuka ndio viko tayari.

Mfupa wa ng'ombe ni mzuri na ni wa bei ya chini, wale wanaotengeneza bangili Kibera wanaujua vizuri kuliko mimi. Ule wa mguu, mnene. Uchemshwe na sabuni mafuta yatoke, lakini usichemke siku nzima utakua kama chaki, ukauke kivulini wiki kadhaa. Kutoboa mfupa ni pole, biti mpya, unainua kila baada ya sekunde chache, ukisikia harufu ya nywele zinazoungua umeenda mbio. Pini za mfupa usizipige vichwa kabisa.

Ukimaliza kuchonga, iwe mti ama mfupa, kumbuka pini ni chuma na inashika joto haraka. Mtu anaweka mpini kwa mashine ya msasa anasukuma, pini inawaka, gundi iliyoizunguka inaungua, mti unabaki na duara jeusi, na baada ya miezi pini inacheza. Gusa pini kwa kidole kila mara, ikikuchoma umechelewa. Mafuta ya mwisho yawe linsidi, yale ya mbegu za kitani, mikono kadhaa myembamba, na vile vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa kona ya workishopu, vinajipasha moto vyenyewe mpaka vinawaka. Vitandaze nje vikauke ama uviloweke kwa maji.

Fundi naweza tumia misumari ya kawaida badala ya pini? Brasi sijui nitoe wapi.

Unaweza, msumari wa inchi 4 ukikatwa kichwa na ncha unakuwa pini ya chuma ya kufaa, ila utashika kutu kwa kisu cha jikoni na kutu itatia doa mti. Mimi ningekuambia uende kwa maduka ya vifaa vya weldi, wanauza vijiti vya brasi vya kuunganishia, vya milimita 2.4 na 3.2, chagua visivyopakwa ile poda nyeupe. Kwa 3.2 weka pini tatu kwa mpini wa kawaida. Beba kijiti dukani ukienda kununua biti ukipimishe, kwa sababu biti iliyoandikwa 3 hailingani nacho na itabana, tafuta 3.2 ama 3.3. Kabla ya kuitia gundi sugua kijiti chote kwa msasa kikwaruzike, kipanguse kwa asetoni, ukipake gundi chenyewe na ndani ya shimo, ukipitishe ukikizungusha ili hewa itoke.